Sufuria ya Mama Ebengo Yenye Masikio

Siku mliponiaga pale atelieni, kwenye karakana yetu, mlinipa kiti cha kuegemea, mkapiga makofi, kisha mmoja wenu akaniomba niseme machache juu ya maendeleo yangu kazini. Niliwashukuru tu, nikakaa. Maendeleo yangu mnayaona: mgongo umepinda, na vidole vya mkono wa kuume havikunjuki vizuri asubuhi. Lakini sasa nimekaa nyumbani kwenye hicho kiti chenu, ambacho kwa taarifa yenu kimeshaanza kulegea mguu mmoja, na nimeona heri niwaandikie vitu vyenyewe tulivyotengeneza, na hasa sufuria moja. Ninyi mnaimwaga kwenye kalibu kila wiki bila kujua ilikotoka.

Sikuja kutafuta kazi. Nilikuwa mjane, nauza mkaa hapa mjini Baraka, na Fundi Wilondja alikuwa mteja wangu. Nikishamwaga gunia nilikuwa nabaki kidogo kuangalia akiyeyusha aliminiyomu. Siku moja nikamwambia kwamba upawa wake una mpini mfupi, nao unaunguza kifundo cha mkono kila unapochota sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Akageuka. Masikio yake hayakuwa mazuri, kwa sababu ujana wake wote aliutumia kugonga mapipa atengeneze mbabula, yale majiko ya mkaa, basi nikarudia kwa sauti kubwa, na majirani wote wakasikia.

“We unajua kupika?” akauliza.

“Wewe unajua?”

“Hapana.”

“Sasa kwa nini njo unatengeneza sufuria?”

Akacheka, akanitupia chekeche. “Basi kuya utengeneze yako, Mama Faila.”

Siku ile ya kwanza nilichekecha mchanga mpaka jioni. Mchanga wetu wa kutengenezea kalibu, kama mnavyojua, huletwa kutoka mtoni, na ukiwa na kijiwe hata kidogo, kijiwe hicho utakikuta kwenye tako la sufuria. Wilondja alinifundisha kuutia maji kidogo, kuukamata kiganjani na kuufinya. Ukikunjua vidole, bonge libaki na alama za vidole vyako, na ukilivunja livunjike safi katikati. Likibomoka, ongeza maji. Likinata, uanike, kwa sababu aliminiyomu ya moto ikikuta maji inaruka, na haichagui uso wa kurukia. Nimeona baadhi yenu mnapima mchanga kwa macho huku mnaangalia simu. Sitaji majina.

Alinifundisha pia kuchagua vyuma. Pistoni za pikipiki zinachelewa kuyeyuka lakini zinatoa sufuria ngumu. Makopo ya soda yanadanganya: unaingiza gunia zima, na ukiondoa takataka zinazoelea juu unabaki na kitu cha kutosha kijiko. Sufuria kuukuu ndizo bora, ila uzisugue kwanza, maana wengine wanaleta zikiwa na bugali ya juzi.

Wilondja alipenda mchezo. Kila kitu alichokitengeneza kilikuwa lazima kichekeshe kidogo, lakini alikuwa na sheria moja: kichekesho chenyewe kiwe na kazi. Kama hakina kazi, tunakikata na kukirudisha motoni. Ndiyo maana yule kuku aliyelala juu ya kifuniko ameinua mkia. Mkia ndio unaoshika, tena uko mbali na mvuke. Kijiko chenye shingo iliyopinda kinaning’inia ukingoni mwa sufuria, hakizami ndani ya mboga. Kikombe chenye samaki chini tulikifanya kwa batoto wanaokataa uji: mtoto anakunywa ili amwone samaki. Mwanzoni Wilondja alimchonga samaki na magamba yote. Uji ukaganda kwenye magamba, bamama wakaturudishia vikombe vinanuka, ikabidi tumlainishe samaki mpaka akabaki na jicho na mkia tu.

Sahani yenye ukuta katikati ilikuwa wazo langu, ili mchuzi wa samaki usiingie kwenye sombe. Nilijivunia sana. Mzee mmoja wa Lubondja akaigeuza mkononi pale sokoni, akaniuliza, “Mama, tunavuka bariyeri za maaskari barabarani kila siku. Sasa munatutilia bariyeri hata ndani ya sahani?” Watu walicheka mpaka nikafunga meza. Sahani hiyo haikununuliwa na mtu mzima hata mmoja. Batoto waliipenda, kwa hiyo tukaifanya ndogo, na mpaka leo ipo.

Sasa nije kwa Mama Ebengo.

Mama Ebengo alizaliwa huku kwetu Fizi, akakimbilia Tanzania wakati wa vita akiwa na watoto wadogo, akakaa kambini miaka mingi. Aliporudi Baraka alirudi na Kiswahili cha kule. Wengi wamerudi nacho, na tumewazoea, ila kuna maneno machache yanayotuchezea. Ile sehemu ya kushikia sufuria sisi tunaiita mikono. Yeye aliiita mashikio.

Siku alipokuja kuagiza mimi nilikuwa mtoni kuchukua mchanga. Haya nimeambiwa na wote wawili, kila mmoja akimcheka mwenzake. Alikaa kwenye benchi letu, amejifunika kitenge mabegani, akamwambia Wilondja, “Nataka sufuria ya bugali, yenye mashikio makubwa.”

“Masikio?” Wilondja akauliza.

“Ndiyo, mashikio. Makubwa kabisa.”

Mtu mwingine angeuliza mara ya tatu. Wilondja hakupenda kuuliza mara ya tatu, kwa sababu watu wangejua hasikii. Isitoshe, ombi lenyewe lilimfurahisha. Maisha yake yote alikuwa akiwashawishi watu wanunue kuku na samaki, na sasa amekuja mtu anayetaka masikio kwa mdomo wake mwenyewe. Aliingia kazini na moyo mweupe. Alichonga kielelezo cha mti, masikio mawili ya mbuzi, marefu, yanaelekea chini, na ndani ya kila sikio akatia mikunjo midogo. Niliporudi na kuyaona nikamuuliza ni ya nani.

“Ya mama moja alitoka Tanzania. Kule banapika na vitu vya ajabu.”

Tukaimwaga. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Mama Ebengo alipokuja kuichukua aliisogelea polepole, akainama.

“Fundi, hii ni nini?”

“Masikio, mama. Makubwa, vile ulisema.”

“Nilisema mashikio!”

“Njo hayo! Masikio!”

Walirudishiana hivyo mara kadhaa, sauti zinapanda, mpaka mimi nikaelewa na kuanza kucheka, na yeye akaelewa, akacheka kunishinda. Alicheka mpaka kitenge kikamwanguka begani. Hapo ndipo tulipouona mkono wake wa kushoto, umening’inia, vidole vimejikunja. Akaona tunauangalia, akaacha kucheka.

“Huu umekufa,” akasema. “Ugonjwa ulinipiga upande mmoja. Mguu nao unaburuta. Nilidhani mashikio yakiwa makubwa nitayabana kwa magoti nisonge bugali.”

Wilondja alimletea maji. Naye akatueleza habari yenyewe, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. Wanawe walikuwa wamekaa kikao. Ebengo, mkubwa wao, anayeishi Mboko, angekuja Jumapili ya mwisho wa mwezi, na jiko la mama lingebomolewa. Mama angekula kwa zamu kwenye nyumba za wanawe.

“Ni heshima, mama,” Wilondja akasema. “Batoto yako banakuchunga.”

“Wananipenda, sikatai. Lakini mimi nile leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama mhubiri aliyekuja semina? Wake zao wataniwekea sahani, nami nitasema aksanti. Kila siku aksanti, mpaka wanizike. Mimi nataka mtu aje kwangu, nimpe yeye chakula.” Akaigusa sufuria. “Nimewaambia: nikisonga bugali mbele yenu na ikaiva, jiko linabaki. Wamekubali kwa sababu wanajua siwezi.”

Wilondja alitaka kuyakata masikio palepale na kuweka mikono ya kawaida. Nikamzuia. Sikuwa na wazo lolote, ila nilitaka kwanza kumwona akipika. Hili nawaambia ninyi mnaochora vitu kwenye simu: nendeni mkamwangalie mtu akipika, mnyamaze, na msimsaidie.

Nilikwenda kwake. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha udongo chenye mabati ya zamani, safi, gunia la mkaa pembeni. Alichemsha maji, akamwaga unga wa muhogo, akaishusha sufuria chini kwa tabu, akakaa kwenye kiti chake kidogo na kuibana kwa magoti. Masikio yakamuunguza. Akaiweka chini bila kuibana, akasonga. Mnajua bugali ya muhogo ikishakaza: mwiko ukizunguka, sufuria nayo inazunguka. Sisi tunaishika kwa mkono wa pili au kwa miguu, hata hatuwazi. Kwake mwiko ulikwenda, sufuria ikaufuata, na bugali ikabaki na mabonge mabichi katikati. Alisonga hivyo mpaka jasho likamtoka. Mguu wenye nguvu aliuweka upande mmoja, sufuria ikakimbilia upande wa pili.

Njiani kurudi nilikuwa nawaza yale masikio. Yanaelekea chini. Kitu kinachoelekea chini kinaweza kuingia mahali.

Tukamwaga pete nene ya kukaa chini, yenye nafasi mbili. Sufuria ikitoka motoni inatua ndani ya pete, masikio yanaingia kwenye zile nafasi, na haiwezi tena kuzunguka. Wilondja alifurahi hadi akasahau kula. Pete ya kwanza iliingia vizuri sana tulipoijaribu atelieni, kisha ikakataa kabisa kwa Mama Ebengo. Tulikuwa tumeipima na sufuria baridi. Aliminiyomu ikipata moto inavimba, na masikio yalikuwa yamenenepa. Tangu siku hiyo kila kitu cha kuingiliana tunakipimia kwenye moto, na ninyi mnanuna nikiwaambia mwashe mkaa kwa ajili ya kupima tu.

Pete ya pili ilipokea masikio. Lakini sasa sufuria ilizunguka pamoja na pete yake. Tukatia mabawa mawili ya kukanyaga. Alikanyaga bawa la kulia, la kushoto likainuka, kwa sababu mguu wa kushoto hauna uzito. Wilondja akakaa chini kwenye vumbi, akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, kwa ile sauti yake ya mtu asiyesikia, “Mama, nguvu yako yote iko wapi?”

Mama Ebengo akajibu, “Imebaki kwenye matako, fundi.”

Tulicheka wote watatu. Lakini Wilondja aliacha kucheka kabla yetu. Alikuwa anakiangalia kile kiti alichokalia.

Hivyo ndivyo pete ilivyopata mkia. Mkia mrefu, mpana, unaopita chini ya kiti cha mpishi. Akikaa, amekalia mkia, na uzito wake wote unashika sufuria. Mkono mmoja unabaki huru kwa mwiko, na hakuna kingine kinachohitajika. Sufuria yenye masikio sasa ilikuwa na mkia, na watoto wa jirani walikuja kuiita kama wanavyoita mbuzi.

Mkia wa kwanza tuliumwaga kwa aliminiyomu. Siku ya kuujaribu Mama Ebengo alisonga vizuri mwanzoni, akaanza hata kuimba, kisha mkia ukakatika kwa kishindo. Sufuria ikapinduka, bugali yote ikaingia majivuni. Siku hiyo alilia. Alisema labda Mungu mwenyewe anakubaliana na wanawe. Mimi nilikasirika, si kwa Mungu, kwa ule mkia, na nilitembea kurudi atelieni nimeubeba vipande viwili bila kumsalimu mtu. Jumapili ya Ebengo ilikuwa imekaribia, na mkaa wetu wa kuyeyushia wiki ile ulikuwa wa kazi tuliyomwahidi mteja mwingine.

“Tuache,” Wilondja akasema. “Tumejaribu. Tutamupatia kikombe ya samaki, atacheka.”

“Hatake kucheka. Anataka kupika.”

“Mama Faila, aliminiyomu haipinde. Inakatika tu. Njo asili yake.”

“Basi mkia usikuwe wa aliminiyomu.”

Aliniangalia kama mtu aliyetukanwa kwa jina la baba yake, kwa sababu sisi ni watu wa aliminiyomu. Lakini alivaa kofia, tukashuka ziwani kwa mafundi wa mitumbwi. Wale wanajua mbao zinazovumilia kukaliwa na kutikiswa. Walitupa kipande cha ubao kilichobaki kwenye ubavu wa mtumbwi, wakataka kujua ni cha nini, na tulipowaeleza wakatutazama kwa huruma. Tukafunga pete kwenye ubao kwa boliti. Juu ya sufuria tukaweka mkono wa chuma uliopinda, kama wa ndoo, ili aishushe motoni kwa mkono mmoja. Tulimaliza Jumamosi. Hatukuwa na nafasi ya kuijaribu na bugali, tulijaribu na mchanga wenye maji, na mchanga si bugali.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda. Ebengo alikuwa ameshafika, mtu mpole, mrefu, na pembeni ya ukuta alikuwa ameweka nyundo na mtaimbo. Wadogo zake wawili walikaa kwenye benchi na kuangalia miguu yao. Hakuna aliyekuwa adui pale. Hilo lilinisumbua zaidi kuliko kama wangekuwa wakali.

Mama Ebengo alikuwa ameshapika sombe na samaki tangu asubuhi. Alimwaga unga kwenye maji yaliyochemka. Akashika mkono wa juu, akainua. Sufuria ikayumba hewani, mvuke ukampiga usoni, na Ebengo akaruka.

“Mama, acha mi nishike!”

“Ukae.”

“Utaungua!”

“Ebengo, nimesema ukae.”

Akaketi. Sufuria ikatua kwenye pete, lakini sikio moja likabaki juu ya ukingo. Nilijua ni sikio gani, nililipiga tupa mimi mwenyewe, na nilitaka kwenda kulisukuma. Wilondja akanishika nguo kwa nyuma. Mama Ebengo akaliona. Akaligonga kwa mpini wa mwiko, mara moja, mara ya pili, likaingia. Kisha akakaa juu ya kiti chake na mkia wake, akavuta pumzi, akasonga.

Sufuria haikuondoka. Bugali ilikaza, akaigeuza, akaikandamiza ukutani mwa sufuria, akaigeuza tena, bega la kulia linafanya kazi ya mawili. Ubao ulilia kidogo, kama mtumbwi. Alipomaliza aliichota kwa bakuli lililolowana, akaipindua sahanini, ikakaa mviringo, laini, bila bonge. Machozi yalinitoka, na nilisema ni moshi. Mkaa mkavu hautoi moshi, na mtu aliyewahi kuuza mkaa anajua hivyo, lakini hawakunibishia.

Tukanawa, tukala. Tulikula sote kwenye sahani moja, sisi mafundi tukiwa wageni. Ebengo alikula taratibu, akimega, akichovya, bila kuinua macho. Alipomaliza alinawa, akatoka nje, na tukamsikia akichukua nyundo. Mama Ebengo akaacha kutafuna. Wadogo zake Ebengo wakasimama. Tukasikia hatua zake zikipanda ukutani, kisha mabati yakalia juu ya vichwa vyetu, na vumbi likatuangukia. Wilondja, ambaye hasikii, alisikia hilo.

Nikatoka mbio. Ebengo alikuwa amepiga magoti juu ya paa, misumari miwili mdomoni, anasukuma bati moja lirudi mahali pake.

“Mama!” akaita kuelekea chini, misumari ingali mdomoni. “Hapa iko navuja!”

Sauti ya mama ikatoka jikoni, kavu kabisa.

“Panavuja tangu masika ya mwaka jana. Ungekuwa unakuja kula, ungejua.”